Lodi Muovu Hasemi "Shetani Alinipitia"

Wiki tatu zilizopita kaka mmoja wa chumba chetu cha habari alikuta kitabu mezani kwangu, akakigeuza, akasoma maelezo ya nyuma, akacheka. Kilikuwa Devil in Winter cha Lisa Kleypas, nakala ya mtumba niliyoiokota Posta kwa bei ya sahani ya chipsi. Hakucheka kwa ubaya. Ila alichosema baada ya kucheka ndicho kilichonikalisha hapa niandike.

"Sasa dada, mchana unatuandikia kesi za wanawake waliopigwa. Jioni unasoma haya malodi yanayoteka wasichana. Huoni kama unajichanganya?"

Nikamjibu kwa mzaha kwamba kila mtu na ulevi wake. Akaridhika, akaenda zake. Mimi sikuridhika, kwa sababu swali lilikuwa la haki. Nina miaka tisa kwenye mabenchi ya mahakama, daftari mapajani. Riwaya hizi nina miaka mingi zaidi nazo, tangu bweni, Mills & Boon zilizofunikwa kwa gazeti ili matroni asione jalada, kurasa za mwisho zimechanwa na mtu wa kidato cha juu yetu. Kama vitu hivi viwili vinapingana, mimi ndiye niliyepaswa kugundua mapema kuliko wote.

Basi jibu langu hili hapa. Nusu ya kwanza itawaudhi wanaozidharau riwaya hizi. Nusu ya pili itawaudhi wanaozipenda. Tuvumiliane.

Kwanza tumtambue mtu mwenyewe. Kwa ambaye hajawahi kuzishika, riwaya ya mapenzi ya kihistoria, ile iliyozoeleka zaidi, hutokea Uingereza katika miaka ya Regency, yaani 1811 hadi 1820, Mfalme George wa Tatu akiwa mgonjwa na mwanawe akitawala kwa niaba yake. Shujaa ni mwinyi wa huko: duke, earl, lodi wa daraja hili au lile. Ni mcheza kamari, mzinzi, mtu wa kupigana kwa bastola alfajiri, ulimi wake wembe. Ana mali, ana jina, na hana wa kumwambia kitu. Wahenga wetu wangesema mwenye nguvu mpishe, na London nzima inampisha. Halafu anatokea mwanamke asiyempisha.

Mtu huyu hakuzuliwa juzi. Samuel Richardson alimchora Lovelace katika Clarissa, riwaya iliyokamilika kutoka mwaka 1748. Lovelace anamlaghai Clarissa, anamfungia, anamnywesha dawa na kumbaka. Clarissa anakufa. Richardson alidhani ametoa onyo. Kumbe wasomaji walimpenda Lovelace, wengine wakamwandikia mwandishi wakimsihi awaoneshe! Richardson alikasirika mpaka matoleo yaliyofuata akaongeza vipande vya kumchafua zaidi mhusika wake mwenyewe. Haikusaidia.

Miaka mia moja na sabini na kitu baadaye, Georgette Heyer alifanya lililo la busara zaidi. Mwaka 1921, katika The Black Moth, alikuwa na duke mbaya anayejaribu kumteka msichana, anashindwa. Mwaka 1926 alimchukua mtu huyohuyo, akambadilisha jina, akampa riwaya yake mwenyewe: Duke wa Avon katika These Old Shades. Adui wa jana akawa shujaa wa leo. Hapo ndipo mlango ulipofunguka, na malodi waovu wameingia kwa foleni hadi sasa.

Sasa angalia wanavyoitwa. Yule duke wa 1921, watu wanamwita Shetani. Avon naye lakabu yake ni jina la Shetani kwa Kilatini. Mwanawe anapata kitabu mwaka 1932, Devil's Cub, yaani mtoto wa shetani. Hiki cha Kleypas mezani kwangu, cha mwaka 2006, nacho kina shetani kwenye jalada. Utadhani Waingereza hawana jina jingine la kumpa mwanaume.

Na hapa ndipo kazi yangu ya mchana inapokutana na ulevi wangu wa jioni. Aliyewahi kukaa mahakamani kwetu analijua neno moja kuliko yote. Mtu ameshikwa, ushahidi upo, majirani wameona. Anaulizwa ana lipi la kusema. "Mheshimiwa, shetani alinipitia." Kama si shetani ni pombe. Kama si pombe ni yeye mwanamke, alinichokoza. Nimeliandika neno hilo mara nyingi mpaka kalamu inalijua yenyewe. Shetani alipita pale nyumbani, akavunja mkono wa mtu, akaendelea na safari yake, akamwacha mume amesimama katikati ya chumba akishangaa kama sisi.

Lodi muovu hasemi hivyo. Hawezi kusema shetani alinipitia kwa sababu shetani ni yeye, imeandikwa kwenye jalada. Na ukurasa unafika, katika riwaya nzuri za aina hii, ambapo mtu huyu asiyeweza kushtakiwa na yeyote anasimama mbele ya mwanamke na kusema: nilifanya mimi, nilijua ninachofanya, na sina kisingizio. Hilo ndilo ninalolilipia bei ya chipsi. Suruali ya kubana na farasi mweusi ni nyongeza ya muuzaji.

Wanaotucheka wanadhani tunapenda ule ukatili wa sura ya pili. Wenzangu, someni mpaka sura ya ishirini. Wangekuwa sahihi, riwaya hizi zingeishia katikati.

Mwaka juzi nilikaa na mama mmoja nje ya mahakama, kesi yake imeahirishwa mara ya nne. Nikamuuliza swali tunalofundishwa kuuliza: unataka mahakama ikufanyie nini? Nilitegemea aseme afungwe. Akanitazama kidogo, akasema: "Mwanangu, mimi nataka aseme. Aseme tu kwamba ni yeye. Mtaa mzima unajua. Yeye tu ndiye hajui." Yule mama sidhani kama amewahi kushika riwaya ya Kiingereza. Lakini alichokuwa anakidai ni sura ya ishirini.

Wapo watakaosema, hiyo ndiyo hatari yenyewe. Binti akisoma kwamba jambazi hubadilika kwa mapenzi, ataolewa na jambazi asubiri sura ya ishirini. Hoja hii naiheshimu, nimeona wanaosubiri. Ila niulize: nani aliwafundisha kusubiri? Nimehudhuria kicheni pati nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na sijasikia shangazi hata mmoja akimnukuu Georgette Heyer. "Vumilia mwanangu, wanaume ndivyo walivyo, atabadilika" ni elimu inayotolewa bure, kwa sauti, mbele ya sufuria zilizofungwa utepe. Wanawake wa riwaya hizi hawavumilii. Katika Devil's Cub, Mary Challoner anapoona Vidal anataka kumlazimisha, anampiga risasi. Mwaka 1995 Loretta Chase akaandika Lord of Scoundrels: Jessica Trent, baada ya Dain kumharibia jina na kumgeuzia mgongo, naye anampiga risasi. Miaka sitini na mitatu kati ya vitabu viwili, na shujaa anatundikwa risasi na mpenzi wake katika vyote. Hilo si somo la uvumilivu.

Hata Evie wa Devil in Winter, mpole, mwenye kigugumizi, anakwenda mwenyewe nyumbani kwa St. Vincent usiku akiwa na masharti mkononi: nioe, unilinde na ndugu zangu wanaonitesa, mali yangu itakuwa yako. St. Vincent ni yule aliyemteka rafiki yake Evie katika kitabu kilichotangulia, kwa sababu ana cheo na hana senti. Kwetu mtu wa namna hiyo tunamwita lodi lofa, na sijui kama kuna lugha nyingine inayomweleza kwa maneno mawili tu.

Sasa niwageukie wanaodhani tiba ni kumfanya lodi awe mtu mwema. Siku hizi wamejaa. Duke mwema anaomba ruhusa kabla ya kushika mkono, anawapenda watumishi, anachukia kamari, anazungumzia haki za wanawake akinywa chai. Nimewasoma, wengine wameandikwa vizuri. Lakini mimi duke mwema ananitia hofu kuliko muovu, na sababu yangu ni ya kisheria.

Uingereza ya miaka ile, mwanamke akiolewa, karibu kila alichokuwa nacho kilihamia kwa mume. Sheria za kumpa mke haki ya mali yake zilikuja mwaka 1870 na 1882. Kabla ya mwaka 1857, kuvunja ndoa na kuruhusiwa kuoa tena kulihitaji sheria ya Bunge kwa ajili yako wewe peke yako, na waliofanikiwa walikuwa karibu wote wanaume wenye fedha. Kwa hiyo duke mwema ana meno yaleyale aliyonayo muovu. Amefunga mdomo tu. Wema wake ni hisani, na hisani huondolewa siku mtoaji akichoka. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Riwaya ya duke muovu angalau inanionesha meno tangu ukurasa wa kwanza, nijue nimeingia banda gani. Ile ya duke mwema inaniambia niingie tu, ana roho nzuri.

Mpaka hapo nimewatetea. Sasa nusu ya pili, na wapenzi wenzangu mniwie radhi.

"Ni hadithi tu" si jibu. Mwaka 1972 Kathleen Woodiwiss alichapisha The Flame and the Flower, kitabu ambacho wengi wanakihesabu kuwa mwanzo wa riwaya ya kisasa ya aina hii. Shujaa anambaka Heather mwanzoni kwa kudhani ni kahaba, kana kwamba kahaba hubakwa kwa halali. Kinaishia kwa mapenzi motomoto. Sura ya ishirini haipo. Kosa linayeyuka, halikiriwi. Wala tusijifanye ni wanaume tu: katika The Duke and I cha Julia Quinn (2000), ni Daphne anayemtumia mumewe akiwa amelewa ili apate mtoto ambaye mume amekwisha kusema hamtaki, na kitabu kinapita hapo harakaharaka kama mtu anayeruka dimbwi. Kipimo changu ni kimoja kwa wote. Sikiulizi kitabu kama kuna uovu ndani. Nakiuliza kama kinajua kwamba ni uovu, na kama mwenye uovu ameutaja kwa mdomo wake.

Na kwa kipimo hicho, hata vile ninavyovipenda vinafeli.

Tazama dhambi za lodi muovu zilivyochaguliwa. Kamari. Wanawake. Ulevi. Bastola. Zote ni dhambi ambazo mwanamke mmoja anaweza kuzisamehe kwa sababu yeye mwenyewe, au mtu anayemjua, ndiye aliyekosewa. Lakini mali ya mtu huyu imetoka wapi? Nani amelipia hiyo kamari?

Unataka lodi mkatili wa kweli wa miaka ya Regency? Huyu hapa. Katika eneo la Sutherland, kaskazini mwa Scotland, Countess wa Sutherland na mumewe waliwaondoa maelfu ya wapangaji kwenye mabonde yao ili ardhi ilishwe kondoo. Mwaka 1814, huko Strathnaver, nyumba zilichomwa. Msimamizi wao, Patrick Sellar, alishtakiwa, na mwaka 1816 akaachiwa huru. Yule mume mwaka 1833 alipandishwa cheo akawa, ndiyo, Duke.

Mwaka huohuo wa 1833 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa katika sehemu kubwa ya makoloni yake, likatenga pauni milioni 20 za fidia. Fidia kwa wamiliki. Waliokuwa watumwa hawakupewa hata senti. Miongoni mwa waliolipwa ni Earl wa Harewood, mwenye kasri ambalo watalii wanalitembelea hadi leo. Deni lililokopwa kwa ajili ya malipo hayo lilimalizwa kulipwa mwaka 2015, mwaka ambao mimi nilikuwa tayari naandika habari.

Waandishi wa zamani hawakulificha hili kabisa. Jane Austen, katika Mansfield Park ya mwaka 1814, anamsafirisha Sir Thomas kwenda Antigua kuangalia mali zake. Charlotte Brontë, mwaka 1847, anatuambia Rochester alimwoa Bertha wa Jamaika pamoja na pauni elfu thelathini. Waliokuwa wakiishi kwenye fedha hizo walijua zilivyonuka. Lakini katika rundo la riwaya za sasa nililosoma, sijakutana na duke anayemwambia mpenzi wake katika sura ya ishirini: nyumba zile nilizichoma mimi. Hawezi. Akisema hivyo busu halitoshi, kwa sababu aliyekosewa hayumo chumbani. Yuko nje kwenye baridi, au ng'ambo ya bahari kwenye miwa.

Kidato cha tano, nikiwa bado naficha Mills & Boon chini ya godoro, niliazima maktaba Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1978. Ukiitazama kwa mbali ina kila kitu cha riwaya ya duke. Kasri ipo. Mwinyi yupo, kijana, tajiri, amedekezwa, mkatili, mpenda starehe, hana wa kumwambia kitu. Mashamba yapo, na watumishi. Niliisoma usiku mbili. Na sikuwaza hata dakika moja kwamba Fuad atapata mwanamke wa kumbadilisha. Msomaji yeyote wa kitabu kile hawazi hivyo.

Kwa nini? Kwa sababu Adam Shafi ametukalisha jikoni. Tumo na Kijakazi, aliyezeeka akimtumikia Fuad kwa uaminifu na kulipwa matusi. Ukiwa jikoni, uovu wa mwinyi hauna mvuto wowote, ni kazi inayoongezeka tu. Heyer na Kleypas wametukalisha sebuleni, kwenye kochi, tukiwa na gauni zuri. Na mimi msichana wa bwenini, ambaye London ya mwaka 1815 isingenipa kochi hata kwa bahati mbaya, nilikaa pale nikajisahau. Sioni aibu kwa kujisahau. Naona aibu kwamba ilinichukua miaka kugeuza shingo nitazame aliyeleta chai.

Tunasema kukiri kosa ni uungwana. Lakini neno hilo muungwana, huku pwani, lilimaanisha kwanza mtu aliyezaliwa huru, asiye mtumwa wa mtu. Adabu ilikuja kupanda juu ya maana hiyo. Kwa hiyo sisi pia lugha yetu inaujua mchezo huu, kwamba mstaarabu ni yule mwenye mtu wa kumfanyia kazi. Sina haki ya kuwasimanga Waingereza peke yao.

Ninachodai ni hiki. Kama uzuri wa lodi muovu ni kukiri, basi akiri daftari zima. Msiniletee duke aliyesafishwa. Nileteeni muovu kuliko wote mliowahi kuandika, mwenye wapangaji, mwenye shamba Jamaika, na mwanamke mwenye akili ya kuuliza fedha hii imetoka wapi kabla hajauliza kama anapendwa. Labda mwishoni asimsamehe. Labda msamaha usiwe wake kuutoa. Jayne Ann Krentz alipohariri Dangerous Men and Adventurous Women mwaka 1992, kitabu cha insha ambamo waandishi wa mapenzi walijitetea wenyewe, alitoa hoja kwamba shujaa wa riwaya hizi lazima awe pia ndiye adui. Naafiki kabisa. Basi awe adui wa kweli. Adui wa kamari na vimada ni adui wa nusu.

Kaka wa chumba cha habari, hili ndilo jibu nililopaswa kukupa siku ile. Sijichanganyi. Mchana naandika wanaume ambao shetani aliwapitia, jioni nasoma wachache waliokubali kwamba shetani ni wao. Ninajua kwamba wale wa jioni hawapo, na kwamba hata hao wasiokuwepo wamekiri nusu.

Kesi ya yule mama ilimalizika kwa ndugu kuombwa wakakae wayamalize nyumbani. Niliandika aya nne, zikatoka mbili. Sikuambiwa kama walipokaa alisema.